Mianzi ya Makaburini

Harufu ya ulanzi mbichi hunirudia kila mvua zinapoanza, hata mahali pasipo na ulanzi. Ni harufu tamu, yenye uchachu kwa mbali, iliyochanganyika na udongo uliolowa. Kwetu, kwenye vilima vilivyo juu ya Ilula, mianzi ilijaa bondeni chini ya nyumba, na upepo ulipopita ilikwaruzana kama milango mibovu. Mvua zikishika, machipukizi yalitoboa ardhi. Yalipofika usawa wa kiuno, baba aliyakata ncha na kufunga kwenye kila moja mbeta, kopo refu la mwanzi, likinge utomvu uliodondoka. Asubuhi na jioni alichonga tena ule mkato usije ukakauka. Watoto tulikunywa mtogwa, ulanzi wa siku hiyohiyo usiolevya. Uliolala ukawa mkali ulikwenda kilabuni. Na ulitoka miezi ileile ambayo mahindi yalikuwa bado mabichi shambani na vihenge vimebaki vumbi. Mama aliubadilisha kwa unga kwa wale wenye akiba, nasi tukavuka njaa bila kuomba. Ila chipukizi la kwanza la kila shina baba hakuligema. Alilifunga ukindu, nasi tulijua hilo limeachiwa shina lenyewe, likue liwe mwanzi mzima wa kulisha machipukizi ya mwaka unaofuata.

Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mavuno. Nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, kwa sababu ndugu zangu Daudi na Rehema walikuwa wadogo na jiko halingojei kengele. Bonde likawa chini ya baba mdogo, kama ilivyo desturi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake, na miaka hiyo wafanyabiashara wa nyanya wa barabarani walitaka mianzi mingi ya kusukia matenga. Akakata iliyokomaa kwa ajili ya matenga, na mvua zilipokuja akagema kila chipukizi, hata yale niliyokuwa nimeyafunga ukindu. Nilimkuta ana kisu mkononi.

“Kamwene, baba mdogo. Hilo baba alikuwa analiacha.”

“Kamwene, mwanangu. Analiacha lifanye nini? Lisome shule?” Akacheka, akafunga mbeta. “Wewe umeona wapi mianzi ikaisha? Hata ukiichoma moto inarudi.”

“Usipoacha hata moja, itarudi na nini?”

“Haya, bibi shamba. Nenda kapike.”

Nilikwenda kupika, lakini sikukubali. Jioni nilichukua jembe na Daudi, tukang’oa kipande cha shina chenye mizizi, kizito kama mtoto, tukakipandisha mlimani hadi nyuma ya nyumba, walipolala baba na mama. Nilikichimbia katikati ya makaburi mawili, maana kwetu kinachoota juu ya kaburi ni cha marehemu, na hakuna anayekwenda pale na kisu. Baba mdogo alipokiona alisimama kidogo akatikisa kichwa. “Umewafungulia marehemu kilabu,” akasema. Alicheka peke yake. Lakini hakukigusa.

Bandu bandu, wahenga walisema, huisha gogo. La kwetu halikungoja hata bandu nyingi. Masika yaliyofuata nilisafisha mbeta zote za baba nikazipanga kibarazani, tukasubiri. Bondeni yalitokeza machipukizi machache, membamba kama vidole, yakanyauka kabla ya kufika magotini. Hatukuwa na cha kubadilisha kwa unga. Nililima vibarua, nikachuma mboga za porini, na bado sufuria haikutosha watatu. Ndipo mama mkubwa alipokuja kutoka Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, akasema atamchukua Daudi akamsaidie kufukuza ndege. “Huko wali upo, mwanangu. Mwache ale.” Nilimwacha. Alikwenda amejifungia mbeta moja kwenye kifurushi chake, kana kwamba huko nako kuna ulanzi. Hakurudi kukaa nasi tena.

Leo lile bonde ni nyanya tupu, pampu zinanguruma, na nyanya zenyewe zinafungwa kwenye masanduku ya mbao. Baba mdogo, mvi zimemjaa, aliwahi kuja kuniomba mzizi. Nilimchimbia kwa jembe, akaupanda bondeni. Wanawe waliung’oa wapate tuta moja zaidi. Mianzi iliyobaki ni ile ya makaburini, na imekuwa msitu.

Masika haya Daudi alikuja na gunia la mchele na watoto wake wawili. Alisimama nyuma ya nyumba akitazama machipukizi yaliyofika kiunoni.

“Dada, hawa hawajawahi kuonja mtogwa.”

“Najua.”

“Moja tu.”

“Anza wewe kukata.”

Akatoa kisu mfukoni, akakikunjua, akasoma yale majina mawili kwenye saruji. Kisha akakikunja. Tukaingia ndani, nikawachemshia watoto chai. Ninajivunia kwamba nililiokoa shina. Lakini tulipokuwa na bonde zima, kila mtu alikunywa. Sasa nina mianzi mingi kuliko ya baba, na tone halidondoki.