Waliocheka Chombo Kilipoanguka Mwezini

Mhubiri wetu alikuwa hajamaliza hata somo la kwanza alipoutaja mwezi. Alisema Warusi wamepeleka chombo chao huko juu kwa kiburi, kama wale wajenzi wa Babeli, na Mungu amekipiga chini kikavunjikavunjika. Kanisa zima likasema amina. Nyuma yangu mtu alicheka kicheko kile cha chinichini, cha mtu aliyesikia kuwa jirani asiyempenda ameteleza kwenye matope. Nilitoka kabla ya matangazo, nikatembea hadi nyumbani kwangu karibu na Dagoretti Corner nikiwa na hasira ambayo sikuweza kuieleza kwa mtu yeyote njiani.

Nikukasirikie nini, ee kanisa? Mimi si Mrusi. Ni mwanamke Mkamba wa Kitui, nimefundisha fizikia hapa Nairobi maisha yangu yote ya kazi, na ile nchi siipendi wala siichukii. Vita vyake ninavipinga. Kuingia katika nyumba ya jirani na mizinga ni dhuluma, hata ukiwa na hadithi ndefu kiasi gani ya kujitetea, na dhuluma hiyo ilitufikia hata sisi, kwenye unga na mafuta ya taa. Mtu akivikasirikia vita, nitakaa naye tukasirike pamoja. Lakini yule mhubiri hakuwa amevitaja vita Jumapili hata moja tangu vianze. Kilichomgusa ni chombo kisicho na mtu ndani, kilichokwenda kuchunguza mawe.

Ngoja nieleze jinsi chombo kinavyotua, maana si jambo gumu hata kidogo, na nimeona wengi wakilielewa huacha kucheka. Chombo kikifika mwezini hakishuki moja kwa moja. Kwanza kinauzunguka. Ili kishuke ni lazima kipunguze mwendo, kwa hiyo kinawasha injini inayosukuma kinyume na kinakoelekea, kwa muda uliopimwa, kisha kinaizima. Kwetu Kitui tulichota maji kwenye visima virefu vya mawe. Ukiachia kamba kidogo mno, ndoo haifiki majini. Ukiachia zaidi ya ipasavyo, inagonga mwamba na kupasuka, na hakuna aliyekuwa chini kukuonya. Kwa habari za mwanzo, injini ya chombo kile ilichelewa kuzimika. Kamba iliachiwa mno. Ni hivyo tu. Nimepasua ndoo mbili utotoni, na mamangu hakuitisha kijiji kije kucheka.

Sasa niseme kilichonikera hasa. Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa Kimombasa ambaye babake ana duka la vitambaa katikati ya jiji. Katika miaka yangu ya kufundisha sikupata mwingine aliyeuliza maswali kama yake. Alipomaliza shule alipata nafasi ya kusomea uhandisi wa vyombo vya anga huko huko Urusi, kwa ufadhili, na wakati ule vita vilikuwa tayari vinaendelea. Babake aliniita dukani tukazungumza alasiri nzima. Mwishowe alisema, haya, na aende. Agosti hii binti alikuwa amekuja likizo, na wiki hiyo hiyo ndiyo aliyotakiwa kurudi.

Jumatatu nilishuka mjini kununua vitambaa vya kwaya. Ungedhani baada ya Jumapili ile ningewaacha kwaya waimbe uchi, lakini nilikuwa nimeahidi. Kwenye kona anakotandaza muuza magazeti, wanaume walikuwa wamesimama kama kawaida yao, wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Barobaro mmoja aliniona nikiinama kusoma, akanisaidia.

"Mathe, hujaskia? Warusi wameenda mwezi wakashindwa kupaki."

Mwenzake alisema wanawazimia majirani stima halafu wanataka kuwasha taa mwezini. Wote wakaangua kicheko. Nakubali, maneno yale yalikuwa makali na yalikuwa na ukweli ndani yake, na katika siku nyingine hata mimi ningetabasamu. Kisha mzee mmoja mwenye koti akawaambia wote ni wajinga, kwamba chombo kile kilidunguliwa na wazungu wa upande wa pili, na mabishano yakahama kutoka mwezini hadi kwa nani anaipenda Afrika zaidi. Niliwasikiliza muda mrefu. Watu wapatao kumi, kila mmoja ana jibu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza chombo kilikosea wapi.

Dukani nilimkuta binti akikunja leso nyuma ya meza. Alinisalimu kwa heshima zake zote, shikamoo mwalimu, lakini hakuniangalia. Babake alinivutia kiti, akaniagizia chai, akasema kwa sauti ya chini kwamba binti harudi.

"Pasi yake ya kusafiria ninayo," alisema, akagusa droo ya meza yenye kufuli. "Vita vimekithiri, mwalimu. Ndege zisizo na rubani zafika hadi miji mikubwa. Mimi ni mzazi."

Mzazi akisema anaogopa, hilo si jambo la kubishia. Nikanywa chai. Lakini macho yangu yalikuwa kwa binti, na mikono yake ilikuwa inaikunja leso ile ile moja mara ya pili, mara ya tatu.

Akaingia mteja, mwanamke wa makamo aliyeonekana kuwazoea, akichagua leso za harusi. Alimuuliza binti yuko darasa gani sasa, na alipoambiwa anasomea nini na wapi, akaiweka leso chini.

"Kumbe ni wewe ndiye umewaangushia chombo chao?" alisema akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Lakini mwanangu, hao wanaua watoto wa watu. Wewe wawasomea nini?"

Kabla binti hajajibu, mwanamume aliyekuwa akipima kitambaa cha suti alidakia kwamba hao ndio marafiki wetu wa kweli, na kwamba binti asimsikilize mama huyo. Wakajibizana. Walimbishania msichana yule juu ya kichwa chake kana kwamba ni shuka iliyoanikwa. Mmoja alimtaka aone haya kwa sababu ya mizinga, mwingine alimtaka ajivune kwa sababu ya mizinga hiyo hiyo. Hakuna aliyemuuliza kama amelala. Baadaye nilijua kwamba hakuwa amelala. Mwalimu wake mmoja wa huko, mzee aliyefanyia kazi kifaa kimoja cha kile chombo kwa miaka mingi, alikuwa amewaandikia wanafunzi wake maneno mawili tu: kimenyamaza, samahani.

Nikasimama. Mimi si mtu wa kupaza sauti. Nimetuliza madarasa makubwa kwa kunong'ona. Niliwaambia wale wateja kwamba mtoto huyu hakuanzisha vita wala hatavimaliza, na kwamba kama wana hasira na vita, nao wana haki ya kuwa nayo, waipeleke kwa wenye vita. Nikasema pia kwamba kuona kazi ya miaka mingi ikipasuka na kufurahi si uzalendo wa nchi yoyote, na kwamba taifa linalocheka wanaojaribu litazaa watoto wasiojaribu. Nadhani nilisema na mengine. Mwanamke yule alinitazama, akasema yeye hakuwa na nia mbaya. Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nia mbaya. Walilipa, wakatoka.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza katika msikiti wa karibu. Kwa kawaida baba mtu huteremsha nusu ya mlango wa chuma na kwenda. Siku hiyo aliuteremsha lakini hakwenda mara moja. Binti akaacha kukunja.

"Baba," alisema, "vita vilikuwapo mwaka jana, na ulinisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Kilichoongezeka ni nini?"

Babake alisema vita vimezidi.

"Kilichozidi ni kicheko."

Binti akaongeza, taratibu, kama mtu anayegusa kidonda asichotaka kukiumiza, "Baada ya kreni, uliacha kupanda?"

Hapa yafaa nieleze kisa cha kreni, ambacho familia ile yote inakijua nami nilikwisha kukisikia. Mwezi wa Kiislamu huanza kwa kuuona mwezi mwandamo, ule mwembamba kama ukucha, upande wa magharibi mara tu jua linapozama. Msikitini kwao kuna wanaume wachache ambao kila mwisho wa mwezi hupanda juu ya paa la ghorofa moja refu kuutafuta, na baba huyu ni mmoja wao. Mwaka mmoja, mwisho wa Ramadhani, mawingu yalipasuka kidogo upande wa Hurlingham naye akauona: uzi mwembamba wa mwanga, umepinda vizuri. Alishuka mbio akatoa ushahidi. Waliopanda baada yake hawakuuona, na hakuna aliyekubali kumaliza mfungo kwa jicho la mtu mmoja. Kesho yake, saa ile ile, waligundua alichokiona. Ilikuwa waya iliyolegea ya kreni ya mjengo, imemulikwa na mwanga wa mwisho wa jua. Katika jiji hili lenye kreni kila upande, nadhani lilikuwa kosa lenye haki ya kutokea.

Walimwita Mzee Kreni kwa miezi. Wauza duka jirani walimwuliza kama Idi itatangazwa na mkandarasi. Lakini mwalimu wa msikiti hakumcheka. Alimwambia tu, "Ulisimama wapi? Nipeleke." Wakapanda pamoja, wakasimama pale pale, mwalimu akaitazama ile waya kwa muda mrefu, akasema kwamba hata yeye angeapa. Tangu siku hiyo wote husimama pembe nyingine ya paa. Na mwezi uliofuata baba alipanda tena.

Kwa hiyo binti alipouliza swali lile, mle dukani hamkuwa na la kueleza zaidi. Baba aliishika kofia yake ya vito, ile iliyoshonwa kwa mkono, akaizungusha mikononi. Hofu yake ya vita ilikuwa ya kweli, nayo haikuondoka dukani kwa sababu ya kisa cha kreni. Lakini sasa ilikuwa imebaki peke yake, bila kicheko cha watu kuipandia mgongoni, na mtu anaweza kuipima hofu iliyo peke yake.

Alivuta kiti akaketi upande wa wateja, mbele ya meza, mahali ambapo sijapata kumwona akiketi.

"Haya, mamangu," alisema. "Kilikosea wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu habari itoke, nadhani, mtu alikuwa amemuuliza. Binti alichukua mpira wa uzi kuwa mwezi, na kifungo cha koti kikawa chombo. Alikizungusha polepole. Akaeleza mwendo, akaeleza injini, akaeleza muda uliopimwa na jinsi ulivyopita. Babake alimkatiza mara nyingi, kama wanafunzi wangu wazuri. Kwa nini haikuzimika kwa wakati? Nani alipaswa kuizima? Kwani haikuwa na njia ya pili?

"Hapo ndipo hatujui bado," alisema binti. "Ndipo ninapotaka kurudi."

Babake alitazama kile kifungo mezani. Akatoa funguo mfukoni, akafungua droo, akaitoa ile pasi na kuiweka kando ya mpira wa uzi. Akasema atataka kumsikia kila siku, si kila wiki, na siku atakayosema rudi, anarudi bila mjadala. Binti aliitika. Hakuna aliyekumbatiana na mtu. Nilijishughulisha na vitambaa vyangu vya kwaya, ambavyo nilikuwa bado sijavichagua.

Mtu aligonga ule mlango wa chuma, akainama akachungulia, akauliza kama kumefunguliwa, maana alikuwa na haraka.

"Subiri kidogo," baba alimwambia bila kugeuka. "Bado anaeleza."