Kaburi Fupi Kando ya Reli

Mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema nikiletewa soda iliyofunguliwa nitauliza kwanza nani alishika kizibo, na hajakosea. Ushonaji umenilea hivyo: mteja anaapa kwamba amekonda, unamzungushia tepu kiunoni, tepu inasema mengine.

Daktari aliponishauri nitembee kwa sababu ya presha, nilichagua reli ya zamani inayotoka Kisumu kuelekea Muhoroni. Wakati huo treni ilikuwa haijapita pale kwa miaka mingi. Njia ni tambarare, na hakuna bodaboda ya kukuparamia. Kila Jumamosi nilianzia pale nilipoishia wiki iliyotangulia, nikatembea kutoka kivuko hadi kivuko, yaani pale barabara za mashamba ya miwa zinapokatiza reli. Vivuko hivyo vilinivutia kuliko nilivyotarajia. Kimoja kilikuwa na nguzo bila kibao, maana kibao kilishauzwa kama chuma chakavu. Kwenye kingine mama mmoja alikuwa ameanika mahindi katikati ya reli kana kwamba ni uani kwake. Trekta za miwa zilipita bila hata kupunguza mwendo. Kila kivuko nilikipiga picha kwa simu.

Watu nao walinishuku. Mwanamke mzima, peke yake, anafuata reli iliyokufa, haendi sokoni wala kanisani, anapiga picha nyasi! Walionihurumia walidhani nimetumwa na watu wa reli. Wengine walinong'ona kwamba mimi ni jajuok, mchawi yule anayekimbia usiku, ila nimekosea saa.

Kivuko kilichonishika miguu kilikuwa mbele kidogo ya Miwani. Palikuwa na kibanda cha matofali cha mlinzi wa geti, nyumba ya mabati iliyounganishwa nacho, na kaburi. Kaburi lilikuwa karibu mno na reli, limepakwa chokaa, lina msalaba wa mbao. Kwenye ukuta wa nyumba mtu alikuwa amechora alama nyekundu. Siku hizo habari ilikuwa imeenea kwamba treni inarudi, na waliojenga karibu na reli wataondoka.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka dogo, na mwenye duka hakungoja nimuulize.

"Mama, usisumbuke na hiyo kaburi," alisema. "Hakuna mtu ndani. Huyo mama alisikia reli inarudi, akaichimba. Nani atavunja nyumba iko na kaburi?"

Nilimwamini papo hapo, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshapima. Kaburi lilikuwa fupi, urefu wa suruali ya mtoto wa nasari. Nikasema moyoni, ujanja wenyewe haukufanywa hata kwa bidii.

Nilikuwa nimeinua simu wakati mwenye nyumba alipotokea nyuma ya kibanda na panga la kufyekea nyasi.

"Wewe ni mtu wa reli."

"Hapana, mama. Mimi ni fundi wa nguo, natoka Kisumu."

"Wote mnasema hivyo. Yule wa juzi alisema ni wa kanisa. Kugeuka hivi, nyumba yangu iko na rangi. Leta mkono."

Nilimpa. Aliligeuza dole gumba langu, akapapasa ile ngozi ngumu na makovu ya sindano, halafu akachukua kidole cha pili nacho akakikagua.

"Ayie," alisema, yaani amekubali. "Ni fundi kweli. Ingia unywe maji."

Niliingia, lakini maji sikuyanywa. Nyuma ya mlango kulikuwa na tunda la yago, zito, refu kama mkono wa mtu, limeninginizwa kwa kamba na kufunikwa leso. Kaburi bila mtu, tunda nyuma ya mlango. Nikaweka bilauri chini. Uvumilivu ulikuwa umenishinda, nikauliza waziwazi kaburi ni la nani.

"Ya mzee wangu, yule alinioa," alisema. "Yeye ndiye alikuwa anafunga geti hapa treni ikikuja. Treni ikaacha kukuja, na hakuna mtu alimwambia atoke. Akaleta jogoo na shoka vile desturi inataka, akajenga dala, boma yake, hapa hapa. Baadaye akaenda Asembo kwa wajomba wake, avue samaki ndio tukule. Boti ikarudi bila yeye. Tulikaa pale kwa maji mpaka wazee wakasema basi. Wakazika yago."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Kwetu mtu akizama ziwani na mwili ukose kupatikana, tunda la yago huzikwa mahali pake, kwa maombi na vilio vyote vya mazishi. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Mwenye duka yeye alifungua duka lake pale juzi tu, alilikuta kaburi tayari. Ila mimi?

"Nyumba wavunje," aliendelea. "Mabati nitabeba. Lakini wamesema makaburi yote itachimbwa mbele ya naibu chifu. Kama kuna mifupa, inapelekwa shamba la kanisa kule juu, tunazika tena. Kama hakuna, wanafukia, treni inapita. Na yago si imeoza? Watasema mimi ni mwongo. Mzee wangu atapotea mara ya pili."

Alilitazama lile tunda nyuma ya mlango. Alikuwa amelitafuta mapema, liwe tayari kuchukua nafasi ya mwenzake.

"Lakini iko uchi," alisema. "Unaweza kushona shati?"

Tepu huwa haitoki kwenye mkoba wangu. Niliitoa, nikaenda kulipima tunda. Akanishika kiwiko.

"Si hiyo."

Akasimama wima, akainua kiganja juu ya kichwa chake. "Yeye alifika hapa." Kisha akatanua mikono. "Mabega, hapa mpaka hapa." Nikapima hewa, na kila kipimo nilikitaja kwa sauti, na kila mara alifikiri kwanza kabla ya kukubali. Kwenye mkono wa kushoto alinirudisha, akasema niongeze kidogo.

Siku ya kuchimba nilifika na shati jeupe la mikono mirefu. Tulilivalisha lile tunda pamoja, yeye na mimi, mlango ukiwa umefungwa. Huko nje vijana walichimba kaburi mpaka chini, wakapata udongo na vipande vya ganda gumu.

"Si nilisema!" mwenye duka alipaza sauti.

Naibu chifu alichungulia shimoni, halafu akamgeukia yule mama, bila ukali.

"Mama, hapa kuna mtu ama hakuna?"

Mama alilikumbatia kifuani lile tunda ndani ya shati lake. Nilihisi presha yangu ikipanda, tena nilikuwa na hasira, sijui na nani.

"Yuko," nikasema. "Shati yake nilishona mimi."

"Wewe ulimjua?"

"Nilimpima."

Naibu chifu alilitazama shati. Mikono ya shati ilikuwa mirefu, ikining'inia mpaka magotini pa yule mama. Naibu chifu alivua kofia, akaishika mkononi. Kisha tukapanda sote hadi shamba la kanisa, ambako vijana wengine walikuwa wamemaliza kuchimba shimo dogo kama lile la kwanza, wakiegemea majembe yao.

"Ongezeni," aliwaambia. "Hiyo ni fupi. Huyu alikuwa mtu mrefu."