Sahani Juu ya Kipimo ya Mvua

Watoto wetu wenye mutasoma hii yenye ninaandikisha, kaeni vizuri, na musianze kucheka mbele ya wakati. Kucheka iko inakuja, na mwenye kuchekwa ni miye.

Wakati wa vita tulikimbia toka upande wa Djugu, tukafika Mudzipela, mutaa moja ya Bunia, na vile tu mikono iliweza kubeba. Wengine walibeba magodoro. Miye nilibeba kibuyu ya mbegu ya maharagi. Kama ile mbegu inaharibika, hakuna kula, na hakuna ya kupanda tena. Nilikuwa nalala nayo karibu ya kichwa sawa mutoto muchanga.

Agronome mumoja, mutaalamu wa kilimo, kijana ya hapa Bunia aliyesoma sana, alikuwa anachunguza mvua. Barabara ya kwenda ku shamba ya utafiti ya kazi yake ilikuwa imefungwa na watu wa bunduki, basi akaanza kuweka vipimo vya mvua mu parseli, viwanja vya nyumba za watu. Yangu ilikuwa chupa ya plastiki yenye mistari, imefungwa juu ya kijiti. Akaniambia, akiniita Koko, ni kusema bibi:

"Koko, weye uangalie siafu na mawingu, vile wazee walikufundisha. Miye nitaangalia maji mu chupa. Tukiunganisha ile mbili, tutajua siku ya kupanda."

Aee, nilivimba! Mi mwenye niliacha masomo mbele ya kuandika jina yangu vizuri, leo niko mwenzake wa mutu wa siyanse. Nikaanza kutembea polepole, mikono mugongoni, nikijibu majirani wenye hawajaniuliza kitu.

Halafu siafu wakahama, mayai mu kinywa, wakapanda ukuta. Nikatangaza mvua. Ile jioni ikanyesha kweli, ikanikuta nikikusanya nguo, ikanilowesha mpaka mifupa. Asubuhi, bila kumungoja mutu, nikapanda mustari moja nyuma ya choo. Mbegu yote yenye ilibaki mu kibuyu ilikuwa ya kupanda kesho yake.

Agronome akafika, akatazama chupa.

"Koko, hapa haikunyesha."

"Unasema nini? Mi nilinyeshewa!"

"Chupa iko kavu."

"Basi chupa yako ni mulevi. Imelala, mvua ikapita. Siafu wangu hawalalake."

Akajikuna kichwa, akapindua chupa, akatafuta mahali imepasuka. Saa ile muke wa mutoto wangu akatoka jikoni.

"Mama, hii sahani yenye unafunikaka chupa, niirudishe juu yake ama tuitumie kwa kula kwanza?"

Kwangu maji haikai wazi usiku, tangu nilipoolewa. Kila jioni nilikuwa nafunika ile chupa na sahani, na jiwe juu yake, nikisema namukingia agronome mavumbi.

Kijana akakaa chini, akacheka mpaka machozi.

"Koko, ulikuwa unakataza mvua kuingia mu kipimo ya mvua?"

"Nilikuwa nakataza uchafu," nikamujibu, sawa mutu mwenye iko na haki.

Alipomaliza kucheka, akachimba na panga. Juu, udongo iliyolowa. Chini kidogo tu, kavu sawa majivu. Maji ilikimbia juu ya udongo mugumu, ikaenda zake.

"Siafu walisema kweli," akasema. "Bila weye ningeandika hapakunyesha, nikaenda. Lakini maji haijaingia. Tungoje."

Nilitaka kubisha. Mustari yangu ya nyuma ya choo ikanijibu: ikaota, jua ikaichoma yote, na majirani walikuwa wanapita pale wakiniuliza siafu wanasema nini. Nikafunga kibuyu.

Siafu walipohama tena, chupa ikajaa, na panga ikatoa udongo mweusi wenye kushikana mu mukono. Agronome akanitazama, nami nikamutazama. Siku ya kupanda ilikuwa imefika.

Mbele ya mutu kushika jembe, niliita nyumba yote: "Maji yote ya hapa ifunikwe, ya kunywa, ya kupika, ya kunawa. Ile ya chupa isiguswe. Na mukiniona nakuja na sahani, munishike mikono."