Sufuria ya Wiki Nzima

Niliugua kwa chakula nilichopika mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa upishi, usiku wa kuamkia mtihani wa upishi. Naanza na hilo kwa sababu kwetu Kathiani watalisema hata nisipolisema, na wao wataongeza chumvi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama zisizomtisha mtu, nikaingia chuo kimoja cha ufundi hapa Machakos mjini. Darasa letu lilikuwa la wasichana tu, isipokuwa mimi na jamaa mmoja wa Muthetheni. Mwalimu alitupanga pamoja jikoni tangu mwanzo, kama mtu anayeunganisha soksi mbili zilizobaki baada ya nyingine kupata wenzao. Tukawa marafiki kwa kukosa la kufanya. Yeye ni mtu wa watu, hapiti mlango bila kusalimia, hata ukiwa umefungwa. Mimi ni mtu wa ndani. Mama husema hata kuzaliwa nilibembelezwa.

Kutokana na tofauti hiyo tulipata mpango wetu wa maisha. Tukimaliza chuo tungefungua hoteli ndogo sokoni Kathiani, ya chai, chapati na nyama ya kuchemsha. Yeye angekaa mbele akipiga gumzo na wateja, mimi ningekaa nyuma na sufuria zangu, nisione mtu hadi jioni. Sijawahi kusikia biashara iliyowafaa wenyewe kiasi hicho.

Muhula wa mwisho ulipofika, kila kitu kilinitaka kwa wakati mmoja. Chuo kilitaka nisome. Daktari wa zahanati alitaka nile kwa saa zake, akisema tumbo haliwezi kuishi kwa mandazi ya saa nane. Rafiki yangu alitaka tukutane kila jioni. Basi nikakaa chini nikapanga. Asubuhi kukimbia, mchana chuo, jioni vitabu. Marafiki niliwaweka Jumapili baada ya kanisa, kama dawa ya minyoo: si kila mara, ila isisahaulike. Kilichobaki kikinisumbua ni kupika, maana kupika kila siku kunakula muda, na muda ndio niliokuwa nikiutafuta.

Hapo nikakumbuka muthokoi.

Mama hunitumia kwa gari la Kathiani, ukiwa kwenye mfuko wa unga. Ni mahindi yaliyokobolewa ganda, ambayo huchemshwa na maharagwe mpaka yakubali, na kukubali kwake huchukua nusu ya siku. Ndiyo maana kwetu hakuna anayepika muthokoi wa mtu mmoja. Ukiinjika, umealika. Anayepita akisikia harufu ana haki ya kuuliza mko aje, na ukimjibu kwa mdomo tu bila sahani, atakusema hadi soko la Kola. Mama akipima muthokoi hupima pamoja na watu asiowajua.

Mimi nikapanga kuupika wote Jumapili, nile wiki nzima, niuchemshe asubuhi na jioni usiharibike. Sufuria yangu haikutosha, nikaenda kuazima kwa jirani wa mlango wa pili. Huyu ni mama wa kutoka upande wa Murang'a, anauza viazi sokoni, na kwake muthokoi ni mahindi yaliyovuliwa nguo bila sababu. Lakini ana sufuria kubwa.

"Uko na wageni?" akauliza.

"Ndio," nikasema.

"Basi chukua na hii mwiko. Wageni hawakorogewi na kijiko."

Jumatatu jioni mgeni akaja. Nilikuwa nimeketi kitandani na sahani mapajani, nikifuata ratiba, nikasikia viatu vya rafiki yangu kwenye koridoo. Jumatatu haikuwa siku yake. Nikazima redio, nikaacha kutafuna.

"Mzee! Fungua. Nataka tupitie ile mchuzi."

Mchuzi wa uyoga ndio uliokuwa fungu langu kwenye mtihani. Yeye alikuwa na kuku, wali na kuandaa meza. Tungepewa alama pamoja.

"Najua uko ndani. Muthokoi haijipiki."

Nikameza punje moja kwa adabu.

"Yuko," jirani akamwambia kutoka kwenye kamba ya nguo. "Ameingia saa hii tu."

"Najua, mama. Nangoja na yeye ajue."

Alingoja kidogo, kisha viatu vikaondoka. Nikawasha redio. Chakula kilikuwa kizuri, ila sikumbuki nilikimaliza vipi.

Kesho yake chuoni hakunilaumu. Alikuwa akikatakata karoti, macho kwenye kisu.

"Ulilala mapema jana."

"Nilikuwa nasoma."

"Na muthokoi? Ilikuwa inasoma pia?"

Nikacheka peke yangu. Nikamwambia tutaupitia mchuzi Jumatano. Jumatano ilipofika nikamwambia niko bize, mtihani ni kesho, kila mtu asome kwake. Akasema sawa. Mtu wa maneno mengi akikujibu kwa neno moja, kuna jambo, lakini ratiba yangu haikuwa na nafasi ya jambo.

Asubuhi ya Jumatano hiyo ndiyo niliyosahau kuchemsha sufuria. Nilikuwa nimekwenda kukimbia, kwa ajili ya afya. Nikatoka mbio moja kwa moja hadi darasani, na siku ikawa ya joto, lile joto la Machakos la kabla ya mvua ambalo hata mabati hulalamika. Jioni nikafunua kifuniko, nikakuta povu.

Sasa, mtu asiyesomea upishi angemwaga. Mimi nilikuwa na elimu. Nikaondoa povu, nikaonja, nikajiambia ule uchachu ni nyanya, ingawa sikuwa nimetia nyanya. Nikakaanga kitunguu kingi na dania, nikauchanganya humo. Nikala kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukifunua daftari langu, sura ya usalama wa chakula. Nakumbuka nilikuwa nimepigia mstari, kwa wino mwekundu, sentensi isemayo chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto kutwa. Nikaisoma, nikaongeza sahani.

Yaliyofuata sitayaeleza sana. Katika ploti yetu choo ni kimoja, na ufunguo wake huning'inia kwenye msumari nje ya mlango wa jirani. Kufikia alfajiri hakukuwa na haja ya kuurudisha. Saa ya mtihani nilijaribu kuvaa aproni, nikafika langoni, nikarudi mbio kuliko nilivyowahi kukimbia kwa ajili ya afya. Nilimpigia rafiki yangu simu, nikamwambia mchuzi ni wake.

Alikuja alasiri, amebeba chupa ya uji. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikipata hewa. Jirani alikuwa karibu, akisugua sufuria yake kwa mchanga na jivu, kwa nguvu ambazo nilihisi hazikuwa za sufuria.

"Umepita?" nikauliza.

"Nimepita. Mchuzi ilikuwa na madonge lakini nimepita." Akaketi juu ya jerikeni. "Mtahini aliuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema ni mgonjwa. Akauliza ana nini. Nikasema ni chakula. Akauliza alikula wapi."

"Ukasema?"

"Nikasema kwake. Akauliza nani alipika."

Jirani alikohoa.

Mimi ningerudia mtihani muhula uliofuata, na anayerudia ni lazima apate mwenzake mwenyewe. Hilo nililijua. Nililokuwa silijui ni kama bado nilikuwa na mwenzangu.

"Ile hoteli yetu," akasema, akinimiminia uji. "Mteja akigonga, wewe utazima redio?"

Nikanywa uji, ulikuwa moto, nikajifanya ndio unaonitoa machozi.

"Nimeongea na mwalimu," akaendelea. "Ukirudia, nitakuja nikuandalie meza. Lakini hiyo usiku unalala kwetu, tuone kile unakula."

Ilinibidi niseme kitu, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikajitetea. Nikaanza kumweleza mpango wote: kukimbia, vitabu, daktari, sufuria ya wiki, jinsi kila kitu kilivyokuwa na saa yake, na kwamba ni ile asubuhi moja tu iliyoniangusha. Nikasema shida ilikuwa kuchemsha.

Jirani akaacha kusugua. Akasimama na sufuria yake, akaitazama ndani kisha akanitazama mimi.

"Shida si kuchemsha, kijana. Ungemfungulia huyu mlango Jumatatu, hiyo chakula ingeisha Jumatatu."