Goti la Sifael na Mbuzi wa Krismasi

Kaka yangu Sifael hajawahi kuvunja mfupa wa mbuzi. Hilo mngelijua hata kama msingeuliza, maana alilisema kwenye harusi, kwenye misiba na mara moja kwenye kikao cha maji.

Kwetu Masama mbuzi wa Krismasi hakatwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, kulingana na alivyozaliwa au alikoolewa, na mgawaji huchuchumaa juu ya majani ya mgomba akatenganisha viungo kwa kisu peke yake. Shoka ni aibu. Sifael alirithi kisu kutoka kwa baba yetu, na tangu hapo akawa anakata huku akiwatazama wageni usoni na kuwauliza habari za Dar, ili waone kwamba haangalii anachokata. Alisema mkono ndio unaojua kiungo kilipo, na kwamba mgawaji akianza kuchungulia, mnyang'anyeni kisu.

Mimi ni Eliza, mdogo wake. Kwa kuwa nimeolewa nje, sehemu yangu ni paja la nyuma pamoja na kiungo chake. Kwa hiyo habari za mkono wa Sifael nilizipata mdomoni. Miaka ya karibuni paja langu lilikuja na chembe za mfupa. Mume wangu alivunjika jino, tukasema mbuzi wa siku hizi wana mifupa laini. Sifael alikubaliana na sisi, akalaumu vyakula vya dukani. Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na miwani aliyonunuliwa na watoto ilikuwa kabatini. Kisu kilipogonga mfupa, wanaume waliokaa pale waliinamia vibuyu vyao vya pombe ya mbege kama watu walioangusha kitu ndani. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na ndizi zetu. Penye yale majani hatuendi.

Mwezi wa saba Sifael alipanda juu ya mparachichi kuchuma mwenyewe, akisema vijana wa mnunuzi wanachuma vibaya. Mti haukuwa na tatizo. Tawi ndilo lililokuwa na tatizo. Alitua kwa mguu mmoja, na mfupa ulio chini ya goti ukapasuka, sehemu yake ya juu ikabonyea.

Hospitalini Moshi tulipokelewa na daktari wa mifupa, Salvina, msichana wa Rombo mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba."

Akamweleza kila kitu. Ataunyanyua mfupa uliobonyea, ataweka bamba la chuma na skrubu chini kidogo tu ya kiungo. Skrubu ikiingia ndani ya kiungo italisaga goti na hatachuchumaa tena. Kwa hiyo chumba cha upasuaji kina mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda, nayo hulizunguka goti. Kila skrubu ataipiga picha kabla ya kwenda kwenye inayofuata.

Sifael alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, kumbe hujui kiungo kilipo?"

"Kiungo najua kilipo, baba. Skrubu ndiyo sijui ilipo mpaka niione."

Daktari alipotoka, kaka yangu akaniambia tunaondoka. Hawezi kulala mbele ya mtu anayechungulia. Aliomba daktari mwanamume, mwenye mvi. Akaletwa. Mwenye mvi akasema yeye naye huangalia kila skrubu, na kwamba aliyemfundisha Salvina kuangalia ni yeye. Sifael alimshukuru sana, kisha akanong'ona kwamba hospitali nzima imeoza.

Hapo nilichoka. Nilikuwa nimelala kwenye kiti, mgongo unauma, ng'ombe wangu wanakamuliwa na mtu nisiyemwamini.

"Sawa, twende nyumbani," nikamwambia. "Goti litakauka hivyo hivyo. Krismasi mbuzi atagawanywa na Ebenezeri."

Ebenezeri ni binamu yetu. Ana shoka, na huwa anakuja nalo kila mwaka, akisema ni la dharura.

Sifael akaomba kalamu atie saini.

Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Aliomba kioo cha mashine kigeuziwe upande wake ili asimamie, nao wakakigeuza. Yaliyotokea alinisimulia jioni ile, miguu ikiwa bado haina habari na yeye.

Skrubu za kwanza zilienda vizuri. Kisha Salvina akakaza nyingine, akasema, "Hii nayo mkononi naisikia imekaa." Picha ya mbele ikaonyesha imekaa. Sifael akafurahi, akaona sasa binti anaanza kuelewa. Lakini Salvina akaomba mashine izungushwe kidogo. Kwa upande ule mwingine ncha ya skrubu ilionekana imechomoza ndani ya kiungo.

"Nimeikosea," akasema Salvina, kama mtu anayesema mvua imeanza. "Imeingia kwenye kiungo. Naitoa."

Akaitoa, akaelekeza chini zaidi, akaweka fupi kuliko ile, akaangalia pande zote, wakaendelea.

"Nilisubiri wacheke, Eliza," kaka yangu akaniambia. "Hakuna aliyecheka. Hata yule mwenye mvi. Aliitikia tu kwa kichwa."

"Ulitaka wacheke?"

Akajifunika shuka mpaka kidevuni. Siku zilizofuata akawa mpole kiasi kwamba nilimuuliza nesi kama dawa zake hazijachanganywa na za mtu mwingine.

Goti lilipona. Alifanya mazoezi kwa hasira, akishika mgomba, akishuka na kupanda huku akiutukana mparachichi. Mwezi wa kumi na mbili watoto wote walipanda kutoka Dar na Arusha, majani ya mgomba yakatandikwa, na Sifael akachuchumaa. Nilimwona kutoka mlango wa jikoni. Goti lilikunjika lote. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Alianza na mikono ya mbuzi, akiulizia habari za Dar kama kawaida. Alipofika kwenye paja la nyuma, kisu kikagonga mfupa. Hata mimi nilikisikia. Wanaume wakainamia mbege zao. Ebenezeri akasogeza shoka kwa mguu.

Sifael akasimamisha kisu.

"Nimekosea," akasema. "Nimegonga mfupa."

Hakuna aliyecheka, lakini si kwa sababu ile ya hospitali. Waliogopa. Yeye akageuza shingo kuelekea jikoni.

"Eliza! Njoo uniangalizie."

Nilizaliwa kwenye kihamba kile, shamba la ukoo wetu. Nimepika kila Krismasi ya pale tangu nijue kushika mwiko, na sijawahi kusimama penye yale majani. Ebenezeri akaguna kwamba wapo wanaume wenye macho. Sifael akamjibu bila kugeuka kwamba mwenye paja anaitwa Eliza. Nilifurahi mpaka nikakasirika, kwa sababu ilibidi mtu aanguke mtini ndipo niitwe. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaenda, nikainama karibu na sikio lake.

"Juu kidogo," nikasema. "Sogea upande wako wa kushoto. Bado. Hapo."

Kisu kikaingia, paja likaachia.

Jioni nilikula sehemu yangu pamoja na mume wangu. Ilikuwa safi. Tulitafuna polepole, wote wawili, kwa mazoea, tukitafuta mfupa.