Siku Niliyomnyang'anya Bwana Harusi Ufagio

Chekeni tu, msijizuie, maana najua humu ndani kuna watu walioiona ile video na bado wananiuliza kwa upole eti yule mwanamke mwenye aproni nyeusi ni nani. Ni mimi. Yule anayevutania ufagio na bwana harusi wa watu, jua likiwaka, mbele ya wazazi wake na wakwe zake, ni mimi Jerusha wa Molo, mwimba kwaya, na wala sikuwa nimelewa (ingekuwa heri, mlevi husamehewa).

Miaka hiyo nilikuwa mhudumu wa karamu kwenye hoteli moja kule Dubai, mtaa wa Jumeirah Lake Towers, na kulala nilikuwa nalala Al Baraha, chumba kimoja na wasichana wenzangu wa Kenya na Uganda, akiwemo Hadija wa Mbale ambaye ndiye niliyekuwa nikipanda naye metro asubuhi na kurudi naye jioni tukiwa tumevua viatu chini ya viti. Ukumbi wetu ulikuwa na milango mikubwa ya vioo inayofunguka kwenye baraza, na baraza yenyewe inashuka kwa vidato hadi majini. Ziwa ni la kuchimbwa, hilo nalijua, hakuna mto hata mmoja unaoliingia, lakini jua likianza kulegea maghorofa yote yanaingia ndani ya maji kichwa chini miguu juu, yanatikisika polepole kama mashuka kwenye kamba, na mimi nikiyatazama sana nasahau kabisa kwamba kuna watu wanasubiri supu. Mzee Suleiman, msimamizi wetu, ambaye kwao ni Unguja ingawa familia yake imeota mizizi Dubai, alishanizoea. Hupita nyuma yangu akaninong'oneza, "Bi Jerusha, rudi duniani, mwanangu, watu wana njaa."

Basi siku hiyo kulikuwa na harusi ya Waslovakia. Bibi harusi, Zuzana, alikuwa akifanya kazi ofisini kwenye ghorofa la jirani, na ukoo wake wote ulikuwa umesafiri kuja, pamoja na bibi yake mzaa mama, ambaye kila mtu alimwita Babka. Huyo Babka tangu asubuhi alikuwa ameteka kona ya jiko letu, kitambaa cha kichwa kimefungwa chini ya kidevu kama nyanya zetu wa bara, akikanda unga kwa ngumi na kumfukuza kila mpishi aliyejaribu kumsaidia. Akatoa mkate wa mviringo, mkubwa kama gurudumu la mkokoteni wa mtoto, juu umepambwa kwa misuko na maua ya unga. Ulipotoka kwenye oveni wapishi wote waliacha masufuria wakaja kuutazama. Hata mpishi mkuu alivua kofia.

Kosa langu lilianzia kwenye jambo dogo mno. Hadija alikuwa amepangiwa mlangoni, mimi nikapangiwa meza za nyuma karibu na vyoo, na mimi nilitaka sana kumwona bibi harusi akiingia (wakati huo mimi na Kiprono tulikuwa tumeahirisha harusi yetu mara nyingi hata wajomba wakaacha kuuliza, kwa hiyo kila gauni jeupe lililopita mbele yangu nilikuwa nalishona upya kichwani, nalipunguza mikono, naliongeza mkia). Nikamwambia, "Hadija dadangu, tubadilishane."

"Sawa, lakini sikiza, pale mlangoni kuna mambo yao. Mzee katuambia asubuhi ukiwa unahesabu leso, kwamba..."

"Mlango ni mlango," nikamkata, na nilikuwa nimeshaondoka.

Mlango ni mlango! Nikilikumbuka neno hilo hata leo masikio yanawaka moto.

Wakaja. Mzee mmoja alitangulia na kinanda cha mkono, akikifungua na kukifunga kifuani kama anakipumulia, na nyuma yake Zuzana akapanda kutoka barazani na mwanga wote wa ziwa mgongoni, hata sikuona uso wake, niliona gauni tu na shela inayoinuliwa na upepo mdogo, kama mtu anayetoka majini bila kulowa. Kando yake Marek, bwana harusi, mrefu, masikio mekundu kwa furaha. Nikasimama pale na mikono yangu kifuani. Kwenye meza ndogo pembeni yangu palikuwa na ule mkate wa Babka juu ya kitambaa kilichotariziwa, na kibakuli cha chumvi, na ukutani umeegemezwa ufagio uliofungwa utepe mwekundu na mweupe (nikajisemea, hawa watu wanapenda usafi hadi ufagio wanauvalisha). Mbele yao mama yake Marek amesimama na sahani nyeupe.

Sahani ikamponyoka. Paa! Vipande mpaka kwenye viatu vya bibi harusi.

Moyo wangu ukamwendea yule mama. Nikafikiri, maskini, anaoza mtoto ugenini, sasa amevunja chombo mbele ya wakwe. Kwetu jambo hilo lingezungumzwa mpaka wajukuu. Nikamgusa mkono, nikamwambia, "Pole, madam, si kitu," nikaunyakua ule ufagio na kizoleo kilichokuwa kando yake, nikaanza.

Wageni wakaanza kucheka. Halafu kijana mmoja akakipiga teke kipande nilichokuwa nimeshakikusanya. Mwingine naye akapiga. Mama mtu mzima, mwenye lulu shingoni, akarusha kingine kwa ncha ya kiatu chake kama mchezaji wa kandanda! Hasira zikanipanda. Nikaona wanamcheka mama wa watu, nami sitakubali. Nikapiga magoti, nikazoa kwa kasi, nikakimbia kumwaga kwenye pipa nyuma ya pazia, nikarudi kwa vilivyobaki, na hapo ndipo Marek akaushika mpini wa ufagio.

"Tafadhali," akasema kwa Kiingereza, "hii ni yetu."

"Hapana, sir, hii ni kazi yangu. Leo ni siku yako, wewe pumzika."

Akavuta kidogo, kwa adabu. Nikavuta kidogo, kwa adabu. Akavuta. Nikavuta. Zuzana naye, akicheka huku akitaka kulia, akaja akashika pamoja na mumewe, na simu zote zikainuliwa juu, na mimi nikajiambia Jerusha, usikubali, bibi harusi hawezi kufagia na gauni lile. Nikakaza miguu. Basi Marek, kwa kuwa ni muungwana, akaachilia.

Nilirudi nyuma kama kizibo cha chupa. Kiuno changu kikaipata meza, meza ikainuka upande mmoja, na ule mkate ukaruka, ukatua kwa ukingo wake, ukasimama wima kana kwamba unafikiri uelekee wapi. Kisha ukaanza kubingirika.

Mniamini, haukuharakisha. Ulipita katikati ya wageni, na wageni wakaupisha. Mwanamke mmoja aliinua pindo la gauni lake ili upite, kama mtu anayempisha mgeni wa heshima. Kinanda kikanyamaza kwa pumzi ndefu. Ukavuka kizingiti, ukaivuka baraza kwenye jua la dhahabu, ukashuka vidato, tup, tup, tup, sote tukiutazama bila mtu kuinua mkono, mimi mwenyewe nimekaa chini na ufagio mapajani, sisikii kitu, naona tu ule mduara wa kahawia ukienda zake kama mwezi uliochoka. Chubwi. Maghorofa yote ndani ya maji yakavunjika. Yakakaa, yakajiunga tena polepole, na mkate wa Babka ukawa unaelea juu ya mapaa.

"Banange, jamani!" Hadija akapiga kelele kutoka upande wa vyooni.

Mzee Suleiman akaja akachutama kando yangu. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwanangu," akaninong'oneza, "sahani ile imevunjwa makusudi. Hao wawili ndio wa kuizoa pamoja, waanze ndoa kwa kusaidiana. Na jamaa zao huwatawanyia vigae ili kazi iwe ngumu, kama dunia itakavyowafanyia."

"Na mkate?"

"Mkate na chumvi ndiyo makaribisho yao. Hawajaonja."

Nikamtazama Zuzana. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani mmoja nje, mdomo unamcheza, na sasa hakuna aliyecheka. Mpishi mkuu akaleta kapu la mikate midogo ya hotelini, Babka akalisukuma kando bila kulitazama. Akanijia mimi. Nikapiga magoti nikamwambia, "Nisamehe, bibi," kwa Kiswahili, maana Kiingereza chote kilikuwa kimenihama. Yule mama mzee akanitazama sana. Halafu akanionyesha ufagio, akanionyesha ziwa.

Basi nikaenda. Nililala kifudifudi kwenye kidato cha mwisho, Hadija amenishika miguu akisoma dua zote anazozijua, na nikaunyoosha ule ufagio wenye utepe, nikauvuta mkate, ukakwepa, nikauvuta, ukazunguka, na juu yangu wageni wakaanza kuhesabu pamoja kwa lugha yao na kupiga makofi, na kinanda kikarudi taratibu, wimbo wa polepole. Nilipoufikia nilikuwa nimelowa hadi mabegani. Nikaubeba kama mtoto mchanga, nikampelekea Babka.

Akaumenya. Maganda yaliyolowa akayatupa ziwani, akachimba kwa vidole vyake vinene mpaka katikati, na katikati, jamani, kulikuwa kukavu, kweupe, kungali na joto. Akachovya kwenye chumvi, akamlisha Zuzana, akamlisha Marek (Mzee Suleiman, anayekumbuka kanuni zote za usafi wa vyakula, aligeuka akawa anaangalia dari). Kisha Mzee mwenyewe akalileta pipa kutoka nyuma ya pazia, akavimwaga vigae vya sahani sakafuni. "Tangu nianze kazi za hoteli," akasema, "sijapata kumwaga taka mbele ya bibi harusi."

Nikasimama pembeni, maji yananichuruzika, nikawatazama wakizoa. Yeye Zuzana anafagia kwa ule ufagio uliolowa, Marek ameshika kizoleo, wenzao wanapiga mateke, wao wanafukuzia vipande huku na huku, paji kwa paji, wakicheka hadi wanakosa nguvu. Walichukua muda mrefu sana na hakuna aliyetamani wamalize. Machozi yakanitoka, na kwa bahati nzuri nilikuwa nimelowa hakuna aliyejua. Baadaye Babka akanijia na vikombe viwili vidogo vya pombe yao ya matunda. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba mimi nimeokoka. Akanitazama machoni, akanywa chake, akanywa na changu.

Malalamiko hayakuja. Zuzana alimwambia Mzee Suleiman kwamba harusi za binamu zake zote hakuna anayezikumbuka, hii yake itakumbukwa. Lakini video ilifika kabla yangu Al Baraha, ikavuka ikafika Molo, mama akanipigia simu, "Jerusha, ni kweli unapigana na Wazungu kwa ajili ya ufagio?" Na Mzee Suleiman akanihamishia jikoni, kwenye kuosha vyombo.

"Huko," akaniambia bila kutabasamu, "kikivunjika chombo, zoa. Khalas."

Kwa hiyo mimi nimejifunza. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kumkata Hadija kauli. Na nimeapa, nikiwa kwenye shughuli ya watu wengine na kitu kikavunjika, siangalii sakafu tena, naangalia nyuso kwanza. Nikiona wenyewe wanacheka, nafunga mikono nyuma, nasubiri.