Kikoi cha Baba Kando ya Bwawa

Juzi, kwenye bwawa moja la Diani, vijana walipita mbele yangu na chupi za kuogelea tu, wakipigana picha, na hakuna aliyeshangaa. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia.

Nilimkumbuka baba, aliyekuwa mwalimu wa kuogelea hotelini. Mchana mmoja, nikiwa bado msichana, nilimpelekea chakula. Palinuka klorini na mafuta ya nazi. Alisimama ukingoni, kikoi amekikaza kiunoni, na msimamizi wake akifoka.

"Mzee, wageni wanangoja! Sare ya kazi ni hiyo chupi. Vua kikoi ama rudi nyumbani."

Nilidhani anaogopa maji. Baba, mzaliwa wa kisiwa cha Funzi!

"Shikamoo, baba."

Akashtuka. "Marahaba. Hebu geuka, binti yangu, utazame kule kwenye minazi."

Niligeuka, nikasikia maji yakipasuka.

Jioni nilimfariji: "Baba, usiyaogope maji."

Madrasani tulifundishwa kuwa mwanamume hujisitiri kuanzia kitovuni hadi magotini. Nani aliyeuweka mpaka huo? Bado nauliza, na vijana wale hawaujali. Ila sasa najua kwamba baba hakuyaogopa maji. Aliyaogopa macho yangu.